Shati la Vifungo Saba

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mkuu wa shule ameniita tena. Hii ni mara ya tatu, na muhula wenyewe bado mchanga. Nimefika mbio kutoka kazini, uzi mweupe umening'ang'ania kwenye sketi, naye akauangalia ule uzi kabla hajaniangalia mimi.

"Mama, mtoto wako anawashika wenzake vifuani. Anawavuta mashati na kuwapigia kelele. Wazazi wamenichosha."

Nikamwambia mtoto ana usonji, na karatasi ya kliniki nilishaileta.

"Ile inasema ana nini. Mimi nataka inayosema anaweza nini. Niletee ya daktari wa ubongo, iandikwe kwamba ubongo wake unaweza kukaa na watu. Tarehe 17 Mei tunafunga shule. Usipoileta, nafasi yake nampa mwingine."

Unaweza kukaa na watu! Wa kwake nani aliupima? Nimekaa naye dakika kumi tu, na sioni kama unaweza.

Sikusema hivyo. Nilisema, "Sawa, Mkuu." Ndiyo maana naandika. Nisipoandika nitamtukana mtu. Naandika saa ya chakula, nimekalia robota la vitambaa, nyuma ya karatasi za kukatia mashati. Shoga yangu wa mashine ya kola ananiuliza kama ni barua ya mapenzi. Nimemwambia ndiyo, ya mapenzi makali.

Binti yangu ana miaka sita na nusu. Baba yake alimwita Rula, kwa wembamba na kwa kunyooka: akitaka kitu anakiendea moja kwa moja, hata kama katikati kuna mtu. Maneno yake ni machache. Maji. Hapana. Nyumbani. Na namba, hizo anazo zote.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linapiga kelele, Rula chini ya meza, vidole masikioni. Nimechelewa kazini. Msimamizi amenikaribisha: "Malkia ameamka?"

Jumanne, tarehe 12 Machi

Leo nimegombana na Msimamizi. Mimi ndiye napiga vifungo. Shati la shule lina vifungo saba mbele, na mashine yangu inakishona kimoja kabla hujamaliza kukohoa. Tatizo ni kwamba uzi wake ni wa mnyororo. Ncha isipofungwa fundo kwa mkono upande wa nyuma, mtoto akiivuta mara moja tu, uzi wote unafumuka na kifungo kinaanguka. Nilikuwa nafunga. Tangu sare za mwaka huu zianze, amenikataza.

"Hapa tunahesabu mashati," kasema. "Hatuhesabu mafundo."

"Vitadondoka, bosi."

"Vikidondoka, mama zao hawana mikono?"

Nimeingiza shati jingine kwenye mashine. Nimekuwa hodari wa kunyamaza.

Vifungo vibovu na visivyofanana narudi navyo nyumbani kwenye kopo la maziwa. Rula anavimwaga sakafuni, anavipanga kwa matundu, kwa rangi, kwa ukubwa. Anaweza kukaa hapo saa mbili, na uso wake unakuwa wa mtu anayesoma habari nzuri.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Nesi wa kliniki kaniambia kuna watafiti hospitali kubwa wanawapiga watoto wenye usonji picha za ubongo, kwa mashine ya sumaku, bila sindano wala dawa. Wanataka kujua sehemu za ubongo zinavyowasiliana, na kama hilo linahusiana na mtoto anavyokaa na watu.

Anavyokaa na watu! Maneno yale yale ya Mkuu. Niliona karatasi yangu ile pale, imeshapigwa muhuri.

Nimekwenda leo leo. Mtafiti ni kijana mpole, ana sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Fomu ina kurasa nne. Ukurasa wa kwanza nimesoma, wa pili nimesoma. Kwenye wa tatu mtu akawasha mashine ya kukaushia mikono chooni, Rula akaanza kupiga mayowe, nikasaini zote nikiwa nimemkumbatia kwa mkono mmoja.

Baba yake nilimweleza wakati wa kula. Yeye ni fundi umeme.

"Kwa hiyo nyaya zimekatika?"

"Hawajui. Wengine wanaona zimeungana chache, wengine wanaona nyingi mno, wengine wanaona sehemu hii hivi na ile vile. Ndiyo wanatafuta."

"Nyumba ninayoijua mimi, nyaya zikiwa nyingi mno mahali pamoja, taa haziwaki vibaya. Zinawaka sana." Akamwangalia Rula anayepanga wali sahanini punje kwa punje. "Huyu anawaka sana."

Nilitaka kukasirika, nikacheka.

Jumapili, tarehe 24 Machi

Mashine ile ni bomba refu, unalala ndani, inagonga na kunguruma dakika arobaini, na hutakiwi kusogea. Mtoto anayekimbia mvua ya bati! Basi tumeleta boksi la friji sebuleni. Rula analala ndani, baba yake anatoboa ubao kwa drili pembeni, mimi nahesabu kwa sauti. Siku ya kwanza alikaa mpaka tatu. Leo amefika mia mbili na kumi.

Jirani amegonga ukuta. "Mnajenga ghorofa humo ndani?"

"Tunajenga mtoto!" baba yake akamjibu.

Alhamisi, tarehe 28 Machi

Mia tisa. Mvua haijakatika siku tano. Nguo hazikauki.

Jumatano, tarehe 3 Aprili

Leo ilikuwa siku ya picha. Naandika bila furaha.

Alifanya yote. Alivuliwa gauni lenye zipu, akavishwa la hospitali, akawekewa vizibo vya masikio, akaingizwa kwenye lile bomba akiwa ameshika kidole changu mpaka kikafika mwisho wa kufika. Mashine ikaanza. Inagonga kama mtu anayedai mlango. Nilikaa pale nikihesabu kimoyomoyo. Alilala dakika arobaini na mbili. Mtafiti kasema kuna watu wazima, wenye digrii zao, wanaoomba kutolewa kabla ya kumi.

Kabla ya hapo ndipo lilitokea jambo. Mtafiti alipoinama kumsalimia, Rula alimrukia koti, akalikunja kifuani kwa ngumi, akalivuta. "Tatu!" akampigia kelele usoni. "Tatu! Tatu! Tatu!"

Niliona nafasi ya shule ikiondoka na miguu yake. Niliwaza: ndivyo anavyofanya, Mkuu kasema kweli, na sasa ataandikwa hivyo kwenye karatasi. Nikamchapa mkono. Kwa nguvu. Mbele ya watu.

Hakulia. Alitazama mkono wake, kisha akatazama wangu, kama anayetafuta uhusiano wa hivi viwili.

"Hakuna shida, mama," mtafiti akasema.

Shida ipo. Mkono wangu unajua.

Baadaye alinieleza, Rula akiwa anavaa. Kasema ubongo hautulii hata mtu akilala tu bila kufanya kitu. Sehemu zake zinapanda na kushuka, na zile zinazopanda na kushuka pamoja, hata zikiwa mbali, wanasema zimeungana. Nikamuuliza, ya mtoto wangu je? Akasema bado, mpaka wachambue. Nikamuuliza lini. Akasema nipige simu baada ya wiki tatu.

Kwenye ngazi nilimwambia Rula, "Nisamehe, mama." Alikuwa anahesabu ngazi.

Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Hakuna jipya. Mvua, mashati, mvua.

Ijumaa, tarehe 19 Aprili

Nilikwenda kumchukua mapema nikamkuta ametengwa dawati la peke yake, amegeuziwa ukuta. Mwalimu wa darasa, huyu ninayemwita Miwani, alikuwa ameinama anaandika kwenye daftari jekundu. Kila nikimwona anaandika, kama karani wa polisi.

"Unaandika nini, Mwalimu?"

"Matukio. Mkuu ameagiza."

"Naomba nione."

Akasita, akanipa. Mistari kumi na moja. Tarehe, mtoto aliyevutwa, maneno yaliyosemwa. *Amemvuta shati msichana wa dawati la mbele, akisema "sita".* *Amemvuta mvulana wa dirishani, "sita".* *Amemvuta kiranja, "tano", wametenganishwa.* Kumi na moja, mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Mwanangu kafanywa kesi kwa mwandiko mzuri.

"Na siku alizokaa kimya, umeziandika?"

"Sikuagizwa hizo."

"Basi nikuagize mimi?"

Akashusha macho. Nilimwona mwoga, nikamdharau. Nimetembea na Rula kwenye mvua bila mwavuli, kwa hasira tu, mwavuli ukiwa mkononi.

Alhamisi, tarehe 25 Aprili

Hakuna karatasi.

Naandika tena ili niamini. Hakuna karatasi, na haitakuwepo.

Nilipiga simu, nikaambiwa nije. Mtafiti akanionyesha picha kwenye kompyuta: ubongo wa kijivu, juu yake mistari ya rangi kama ramani ya njia. Ulikuwa mzuri, siwezi kukataa. Nikamuuliza, huu ndio wa Rula? Akasema hapana, huu ni wastani wa watoto wengi.

"Wa kwangu uko wapi?"

"Umo humo ndani, mama, pamoja na wengine. Sisi tunalinganisha kundi na kundi. Picha ya mtoto mmoja haiwezi kutuambia atakaaje na watu. Ningekuambia inaweza, ningekudanganya. Iko kwenye fomu, ukurasa wa tatu. Hatutoi matokeo ya mtu mmoja mmoja."

Ukurasa wa tatu.

Nikasimama. Nikamwambia nimemlaza mwanangu kwenye boksi la friji wiki mbili. Nimemtobolea mbao masikioni. Nikamwambia alilala dakika arobaini na mbili kwenye lile bomba lenu, kwa ajili yangu, kwa sababu mimi nilimwomba, na nyinyi mmemchanganya na wengine kama unga. "Wastani! Mimi sikuzaa wastani!"

Mlango ulikuwa wazi, watu wakachungulia. Wachungulie.

Hakunijibu kwa ukali, na hilo liliniudhi zaidi. Akasema pole. Kisha akasema, "Naweza kukuandikia kwamba ameshiriki. Zaidi ya hapo sina haki. Mashine inaona sehemu zipi zinawaka pamoja. Mtoto alitaka kusema nini, haioni. Hilo mpaka aulizwe, au atazamwe."

Alikuwa amesimama na koti lake lile lile. Nilikuwa na hasira mno kutazama koti.

Nimekataa barua yake. Barua ya kwamba ameshiriki! Kama cheti cha mashindano ya kukimbia na magunia.

Jumamosi, tarehe 27 Aprili

Baba yake amelikunja boksi la friji, akaliweka nje. Rula amelirudisha ndani likiwa limelowa. Analala humo peke yake, anahesabu. Hatujui la kufanya, tumemwachia.

Alhamisi, tarehe 2 Mei

Nimegombana na baba yake pia. Kasema labda tumtoe shule, akae kwa bibi yake, mama mzazi wa baba, mpaka akue. Nikamwambia mama yako akimwona mjukuu wake anawafungia kuku ndani ili wasimwone. Akasema nimemtukana mama yake. Kweli nimemtukana.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Leo. Mungu wangu, leo.

Asubuhi gari limeleta marobota manne ya mashati yaliyorudishwa, yametoka shule mbalimbali. Msimamizi akayakata kamba, akaanza kuyanyanyua moja moja mbele ya kila mtu, akinipigia kelele. Alikuwa anahesabu vifungo vilivyobaki.

"Hili sita! Hili sita! Hili tano! Tazama, Malkia! Sita! Sita!"

Nikaondoa mguu kwenye mashine.

Sikuisikia tena sauti yake. Nilisikia ya Rula. Sita, sita, tano. Daftari jekundu la Miwani, mistari kumi na moja, sita, sita, tano. Shati la shule lina vifungo saba. Mwanangu anayepanga vifungo kila jioni sakafuni kwangu alikuwa anawatazama watoto wenzake vifuani, anaona pengo, analishika ili waone, anawaambia vimebaki vingapi. Na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, alirudia kwa sauti kubwa. Mtu mzima asiyesikilizwa naye hufanya hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo hospitali.

Na lile koti la mtafiti. Tatu! Sina haja ya kuliona tena kujua lilipaswa kuwa na vinne.

Nilimchapa kwa hilo.

Na vifungo vile nani alivishona, kama sare za shule yake zinatoka kwetu? Nani aliacha ncha bila fundo? Amekuwa akikagua kazi yangu tangu Februari. Yeye peke yake katika mji huu mzima ndiye aliyefanya ukaguzi.

"Unalia nini?" Msimamizi akauliza. "Kulia hakushoni."

"Wewe ndiye uliyesema mama zao wana mikono," nikamwambia. Kwa sauti. Mashine zote zilinyamaza. Shoga yangu akashika kola mdomoni asicheke.

Ijumaa, tarehe 17 Mei

Shule imefungwa leo. Nimekwenda bila karatasi.

Mkuu alikuwa mezani. Miwani amesimama dirishani na daftari lake. Rula nilimketisha kwenye benchi nje ya mlango wazi, na kopo lake mapajani.

"Karatasi iko wapi?"

"Sina, Mkuu."

"Basi tumemaliza."

"Hatujaanza. Naomba Mwalimu asome daftari lake. Namba tu."

Mkuu akafungua mdomo kukataa, lakini Miwani alikuwa ameshafungua ukurasa. Akasoma. Sita. Sita. Tano. Sita. Imefika mistari kumi na minne sasa.

"Wa mwisho ni lini?"

"Jana."

"Mtoto huyo yupo?"

Yupo. Akaitwa: mvulana mnene mcheshi, anatafuna kitu asichotakiwa kutafuna. Shati lake, chini kidogo ya kola, lilikuwa limeshikwa na pini.

"Hii pini kakubandika nani, mwanangu?"

"Mwalimu."

Miwani akavua miwani. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni msichana mdogo tu, pengine mdogo kuliko mimi, na kwamba macho yake yamechoka kama yangu.

"Nilimbandika mimi," akasema. "Baada ya kuwaachanisha." Akaanza kufunua daftari kurudi nyuma, polepole, kidole kwenye kila mstari. "Na huyu nilimbandika. Na huyu. Kiranja, pini mbili." Akamgeukia Mkuu. "Pini zangu zimeisha boksi zima muhula huu, Mkuu. Kila mara nilimtenga huyu mtoto, kisha nikarudi kubandika kile alichokuwa ananionyesha."

Mvulana akameza.

"Hata hivyo," Mkuu akasema, "kumshika mwenzio kifuani ni kumshika kifuani. Watoto wanaogopa."

"Kweli wanaogopa," nikasema. "Na atafundishwa kugusa mkono kwanza, nitamfundisha mimi na mwalimu wake. Alifundishika kulala ndani ya mashine inayogonga dakika arobaini na mbili, hilo halimshindi. Ila na nyinyi mfundishike. Mtu akiwaambia sita, mjibuni."

"Na vifungo hivi vinadondoka kwa nini, kwani?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Nimeshasema mimi ni hodari. Sare anaagiza yeye, karakana yetu inamtegemea, simu moja tu na mimi sina kazi. Nikamwangalia Rula pale kwenye benchi, anapanga vyake kwa matundu. Yeye angesema.

"Vinadondoka kwa sababu havifungwi fundo. Najua kwa kuwa navishona mimi. Nilikatazwa kufunga, nikatii. Mtoto amewaambia tangu Februari, na mimi mwenye kosa nikamchapa kwa kusema kweli."

Mkuu akaandika kitu kwenye karatasi. Akaandika kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Msimamizi wenu nitampigia. Mtoto aje muhula ujao. Tutamwangalia."

"Mimi simwangalii tena hivyo, Mkuu," Miwani akasema. "Muhula mzima nilimwangalia, na sikuona." Akachukua daftari jekundu akalitia kwenye pochi yake. Halikubaki mezani.

Nilipotoka nilimwambia asante. Nilikuwa nimemweka pabaya moyoni mwangu wiki nyingi. Bado nina hasira naye kidogo. Itaisha.

Ile ya Mkuu haitaisha.

Jumatatu, tarehe 20 Mei

Simu ilipigwa. Msimamizi kanitoa kwenye mashine mbele ya wote. Kaniweka kwenye meza ya pembeni, karibu na choo, na sindano ya mkono na yale marobota manne. Nitavishona upya vyote, fundo kila kifungo, mpaka yaishe. Anadhani ni adhabu.

"Malkia wa mafundo," kasema.

"Nipe uzi imara, basi," nimemjibu.

Mvua imekatika. Jioni nimefika nyumbani na jua bado lipo, nimechoka mpaka kucha. Sijavua hata viatu, Rula akanijia moja kwa moja, akanishika blauzi kifuani, ngumi nzima, akaivuta. Uso kwa uso.

"Nne!"

Nilianza kumwondoa mkono. Ni mazoea. Kisha nikasimama wima bila kusogea, kama yeye ndani ya lile bomba, nikajitazama. Blauzi yangu ina vifungo vitano. Cha katikati hakipo. Nimekaa siku nzima nashona vya watoto wa watu, sijui changu kimedondokea wapi.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Nne."

Hakurudia. Hakupiga kelele. Akaniachia pale pale, akaninyooshea blauzi kwa kiganja, akaenda kuleta kopo.